Shangazi, nauza vipodozi vya dada na uso wangu ndo tangazo la duka, sasa unaniwaka

Shikamoo shangazi. Naomba usitaje jina langu maana wanaonijua mjini ni wengi na dada yangu mwenyewe huwa anasoma majibu yako. Mimi ni binti wa miaka 25, naishi Igoma, nafanya kazi kwenye duka la vipodozi la dada pale Makoroboi, Mwanza. Dada ndo alienitoa nyumbani Ukerewe baba alipofariki, akanisomesha mpaka form four, na mpaka leo ada ya wadogo zetu wawili anatoa yeye. Naomba ulijue hilo kabla hujanijibu, sio mtu mbaya.

Shida yangu ilianza na chunusi. Nilikua nazo toka sekondari ila nilivyoanza kukaa dukani zikazidi, paji la uso na mashavu, na zikiisha zinaacha madoa meusi. Alafu uso wangu una mafuta sana, nikitoka Igoma na daladala mpaka nafika dukani ushaanza kung'aa, saa sita mchana ukinifuta na tishu inatoka imelowa. Wateja wakawa wanasema mbele ya dada, mbona muuzaji mwenyewe ana chunusi. Dada akaniita pembeni akaniambia mdogo wangu uso wako ndo tangazo la duka, akanipa seti nzima: sabuni ya kung'arisha, skrabu, toneri, na kikopo cheupe hakina lebo yoyote, kimebandikwa tepu tu imeandikwa kwa maka pen USO USIKU. Hiyo kuna mama anatukorogea, analeta kwenye ndoo ndogo sisi tunapima kwenye vikopo na kijiko. Dada anapaka hiyohiyo na yeye imemkubali, ila yeye ngozi yake ni kavu toka zamani, miguu yake asipopaka mafuta inapauka muda huohuo.

Kweli shangazi zilikauka. Haikuisha hata mwezi uso ukawa laini, nikaanza kuwa mweupe, wateja wanauliza unapaka nini, kikopo hicho kikawa kinatoka kuliko kitu chochote dukani. Nilifurahi sana sitaki kudanganya.

Sasa bibi yetu akafariki tukaenda msibani Ukerewe, nikasahau kikopo Mwanza. Kabla ya siku za msiba hazijaisha uso ukawa mwekundu, unawasha, vipele vidogo vidogo vikazunguka mdomo, nikikaa jikoni karibu na moto unaniwaka mpaka machozi yanatoka. Niliporudi nikapaka, kesho yake ukatulia. Dada akasema unaona, ngozi yako imeizoea dawa, ndo maana hutakiwi kuiacha. Lakini sasa nikijiangalia kwenye kioo cha dukani naona vishipa vyekundu kwenye mashavu ambavyo sikuwa navyo, jua la mchana linanichoma, na vidole vyangu kwenye viungo ni vyeusi kuliko uso.

Nikaingia TikTok kutafuta utaratibu mzuri wa ngozi, wanaonyesha hatua mpaka kumi, nikanunua seramu ya vitamini C na ya niasinamidi kwa hela yangu nikawa napaka juu ya vile vya dada, na asubuhi nasugua na limao kupunguza mafuta. Uso naosha mara tatu na sabuni ya kipande na bado mafuta yanatoka. Sielewi tena kipi kinanisaidia kipi kinaniharibu.

Naomba unisaidie, nitajuaje ngozi yangu ni ya aina gani ili nipange vitu vyangu vya kila siku kama watu wengine? Nikiacha kikopo uso si utarudi kama msibani, na dukani nitakaaje, na dada nitamwambia nini? Na la mwisho, mama aliuona uso wangu msibani kabla haujaharibika, akapenda, ameomba na yeye nimtumie. Kutwa yuko juani anaanika dagaa ana madoa mashavuni. Kikopo chake nimeshapima kipo kwenye mkoba wangu, kuna mtu anapanda meli ya Nansio wiki ijayo. Nimtumie?

Muuza vipodozi, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu. Pole na msiba wa bibi, na pole na huo uso, maana kuwaka uso siku nzima huku unatakiwa kutabasamu na wateja sio jambo dogo hata kidogo.

Nikikuelewa vizuri, hapa kuna mambo matatu yamesukwa pamoja. Kuna ngozi yako unayotaka kuijua. Kuna kazi na dada, ambae umemtetea kabla hata sijafungua mdomo, na nimependa ulivyofanya hivyo. Na kuna mama na hicho kikopo kwenye mkoba. Wapo watakaokwambia kwa neno moja tu, acha mkorogo acha na kazi, ila wao hawana ada ya wadogo wawili wa kulipa. Mimi sitakwambia hivyo.

Naomba tuanze na yale maneno ya dada, kwamba ngozi imeizoea dawa. Tuyaangalie taratibu. Uliacha siku chache uso ukawa mwekundu ukawaka ukatoa vipele kuzunguka mdomo, ukarudisha ukatulia kesho yake. Wewe na dada mmeliona kama ushahidi kwamba krimu ni nzuri. Mimi nikiliunganisha na vishipa vya mashavuni na jua kukuchoma, naona picha ambayo madaktari wa ngozi wanaijua sana, ya mtu aliepaka steroidi usoni muda mrefu. Steroidi kama klobetasoli na betamethasoni ni dawa halali kabisa za hospitali, anapewa mtu mwenye pumu ya ngozi kwa mfano, kwa muda maalum na mara nyingi sio usoni. Kazi yake ni kuzima uvimbe na wekundu, ndo maana chunusi zako zilinyamaza haraka vile, na inapunguza rangi pia ndo maana ukawa mweupe. Ila ukiendelea nayo ngozi inakua nyembamba, vishipa vinaanza kuonekana, na siku ukiiacha ghafla mishipa midogo inatanuka, uso unawaka na kuvimba. Kwahiyo ule utulivu unaoupata ukipaka tena unaweza kuwa ni dawa inazima moto iliouwasha yenyewe. Nasema unaweza kuwa, kwa sababu kilichomo kwenye kikopo kisicho na lebo hakijui dada, hujui wewe, na pengine hata huyo mama anaekoroga hajui kila kilichomo kwenye matyubu anayoyamimina.

Na steroidi sio peke yake inayopatikana kwenye mikorogo. Kuna haidrokwinoni, hii inapunguza utengenezaji wa rangi ya ngozi, na ikitumika miaka inaweza kuleta giza la bluu-nyeusi kwenye mashavu ambalo kulitoa ni kazi ngumu mno, yaani mtu alianza kutafuta weupe anamaliza na weusi usiotoka. Na kuna zebaki, hiyo ndo naiogopa zaidi kwa sababu haiishii kwenye ngozi, inaingia mwilini na inaharibu figo, na mtoto anaelala kifuani kwa mama yake anaweza kuipata pia. Ndo maana kwenye mkataba wa kimataifa wa Minamata nchi zilikubaliana kwamba ifikapo 2020 vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja kwa milioni visitengenezwe, visiingizwe nchini wala kupelekwa nje, na hapa kwetu zebaki na haidrokwinoni kwenye vipodozi ni marufuku.

Sasa usisome hapa ukaenda kukitupa kikopo chooni leo usiku. Kama ni steroidi kweli, kuacha ghafla peke yako ndo kile kilichokukuta msibani, na safari hii kinaweza kuwa kikali na kikakaa wiki nyingi, kwa wengine miezi. Watu wengi wanashindwa hapo, uso unalipuka, wanaogopa, wanarudi. Njia yenye nafuu ni kumuona daktari kwanza. Bugando ni hospitali ya rufaa ya kanda, na Sekou Toure ni ya rufaa ya mkoa, unaweza kuanzia kituo cha afya cha karibu yako wakakuandikia rufaa ya daktari wa ngozi. Yeye ataangalia kama uache mara moja au ushuke pole pole, na kama kuna dawa ya kukupoza katikati. Kuendelea kupaka mpaka upate nafasi nzuri nako ni chaguo, wengi wanalichagua, ila kila mwezi unaoongeza ngozi inazidi kuwa nyembamba na siku ya kuacha inazidi kuwa ngumu. Vyote viwili vina maumivu yake mwanangu, sitakuficha.

Ukienda, usione aibu kusema kila kitu, kikopo, limao, seramu, vyote. Na mwambie kama unatumia sindano au vijiti vya uzazi wa mpango, sijui kama unatumia na hujaniambia na sio lazima uniambie, ila kwa baadhi ya wanawake vinaongeza chunusi na mtu anahangaika na sabuni mwaka mzima wakati chanzo kiko kwenye mkono. Na kama una mpango wa kushika mimba sema pia, kuna dawa za chunusi haziruhusiwi kwa mjamzito.

Haya, sasa swali lako la aina ya ngozi. Unasema yako ni ya mafuta na una sababu, ulikua nayo hivyo toka sekondari. Ila ngozi unayoiona leo sio ngozi yako peke yake, ni ngozi yako pamoja na sabuni ya kipande mara tatu, skrabu, toneri, limao, seramu mbili na kikopo. Ukiniuliza leo ni ya aina gani, jibu la kweli ni kwamba imechoka. Ngozi inaweza kutoa mafuta juu huku chini imekauka maji, inavuta, inachubuka, na mtu akiona mafuta anazidi kuisugua. Sabuni nyingi za kipande ni kali kuliko ngozi inavyopenda, zinaondoa mpaka ule utando wa mafuta unaoilinda. Limao nalo asidi yake inachoma, alafu juisi yake ikibaki usoni ukatoka juani inaweza kukuunguza kabisa na kuacha madoa, yale yale unayoyakimbia.

Kwahiyo kipimo kifanye baadae, uso ukishatulia. Ni rahisi na hakina gharama: osha uso na sabuni laini, kausha kwa kuugusagusa na taulo, usipake kitu, kaa ndani kama saa moja hivi. Ikivuta na kupauka kote ni kavu. Iking'aa paji, pua, kidevu na mashavu ni ya mafuta. Iking'aa katikati tu na mashavu yakabaki makavu ni mchanganyiko, na wengi wanaojiita wa mafuta wapo hapa. Isipofanya lolote ni ya kawaida. Na ikiwasha au kuwa nyekundu kila ukiigusa na kitu kipya hiyo ni nyeti, na unyeti unaweza kukaa juu ya aina yoyote kati ya hizo. Hata msimu unabadilisha, kiangazi cha Juni mpaka Agosti na vumbi lake ngozi inaweza kuwa kavu kidogo kuliko wakati wa mvua. Hapo ndo utaelewa kwanini seti moja haikuwafaa wewe na dada, hata kama isingekua na kikopo. Yeye ni mkavu, wewe una mafuta, mmezaliwa tumbo moja lakini ngozi ni mbili.

Kwa sasa, wakati unasubiri daktari, mimi ningekuomba upunguze badala ya kuongeza. Weka pembeni skrabu, toneri, limao na seramu zote, hata hizo nzuri, niasinamidi sio mbaya ila kwenye uso unaowaka hata kitu kizuri kinauma. Asubuhi nawa na maji ya kawaida, paka moisturaiza nyepesi ya jeli isiyo na manukato, juu yake sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua. Jioni ukirudi osha na sabuni laini ya maji ya uso kutoa sanskrini na vumbi la barabarani, alafu moisturaiza tena. Basi. Vitu vinne tu ukihesabu na maji, na sabuni ni mara moja kwa siku. Najua kwa mtu anaeuza mashelfu na mashelfu ya vipodozi hii inaonekana kama umasikini, ila hizo hatua kumi za TikTok nyingi zimetengenezwa na watu wanaouza vitu kumi.

Kwenye sanskrini nitakaa kidogo maana Mwanza tunaidharau. Tuko kama nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta na juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mchana wa jua kali kipimo cha mionzi kinaweza kufika 11 na kuendelea, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linakiita cha kupindukia. Ngozi yetu nyeusi inatulinda na mengi, kweli, ila haiyalindi madoa: kila doa la chunusi linalopigwa jua linazidi kuwa jeusi na linachelewa kutoka. Na ngozi iliyochubuliwa imepunguziwa hata huo ulinzi wake. Chukua ya SPF (namba ya kinga ya jua) 30 au zaidi, hiyo 30 inazuia kama asilimia 97 ya mionzi inayounguza, ya jeli au inayokauka ili isikuongezee mng'ao, na kama inakuacha na weupe wa chokaa tafuta yenye rangi ya ngozi. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili kwenye vidole viwili, sio tone. Ukiwa juani rudia kila baada ya masaa mawili. Moshi pale hospitali ya KCMC wanatengeneza sanskrini ya Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao hii ni kinga ya saratani kabisa, kwahiyo siku mteja mwenye ualbino akiingia dukani kwenu mhudumie kwanza na usimuuzie kitu cha kuchubua.

Dawa ya chunusi yenyewe ije baadae, daktari akiruhusu na moto ukishazima. Zipo zinazojulikana, benzoili peroksaidi, adapalini ya kupaka usiku kiasi cha punje ya njegere uso mzima (hii ndo mojawapo ambayo mjamzito hatakiwi kuipaka), asidi ya azelaiki inayosaidia na madoa. Moja kwa wakati mmoja, ijaribu kwanza siku kadhaa nyuma ya sikio, alafu uipe muda, wiki nane mpaka kumi na mbili ndo uihukumu. Chunusi zinazokauka kwa siku nne zinanitia wasiwasi kuliko zinazokauka kwa miezi mitatu. Na angalia mafuta ya nywele yanayoshuka kwenye paji, hasa ukitoka kusuka, chunusi nyingi za paji zinaanzia hapo.

Sasa dada. Hapa sina jibu moja, nina maswali. Unadhani anajua anachouza, au na yeye ameaminishwa? Yeye mwenyewe anapaka, kwahiyo kama kuna hatari na yeye yumo ndani yake, labda vishipa vinaanza kwake pia na hajakwambia. Unaweza kumwendea kama mdogo anaeogopa kwa ajili ya wote wawili: dada, uso unaniwaka, naomba tuende wote hospitali. Hatari ni kwamba anaweza kusikia lawama hata kama hujamlaumu, maana hicho ndo kinachotoka dukani kuliko vyote na hela ya ada inatoka humohumo. Unaweza pia kuanzia upande wa biashara. Toka 2019 vipodozi vinasimamiwa na TBS, shirika la viwango, zamani vilikua chini ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na kikopo chenye tepu ya maka pen siku wakaguzi wakipita Makoroboi hakina pa kujificha, anaweza kupoteza mzigo na zaidi ya mzigo. Kwa mfanyabiashara hilo linaingia kirahisi, ila ukilisema vibaya litasikika kama unamtishia. Au unaweza kuanza kimya kimya na uso wako kwanza, uongee nae ukishakua na maneno ya daktari mkononi. Inakupa nguvu, lakini katikati hapo utaendelea kuwapimia wateja kitu ambacho wewe mwenyewe umekiogopa, na sijui moyo wako utalibeba vipi. Wewe unamjua dada, mimi simjui. Mtafute saa ambayo duka limefungwa na hajachoka.

Na dukani utakaaje na uso mwekundu? Unaweza kuomba ukae nyuma kwenye stoo na mahesabu kwa muda. Au ukae mbele hivyohivyo, na mteja akiuliza umwambie nilipaka kitu kisicho na lebo na sasa natibiwa. Ni ngumu, najua. Chagua kile ambacho utaweza kukirudia kila siku bila kuumia.

Hilo la mama sasa ndo nakuomba lisisubiri. Hicho kikopo usimpe mtu wa meli. Mama kutwa yuko juani na juu ya mchanga, jua linampiga kutoka juu na mwanga mwingine unarudi kutoka ziwani, ngozi iliyochubuliwa kwenye hali hiyo itaungua, na madoa anayotaka yatoke yatazidi. Mpigie kabla ya wiki ijayo, usimwambie tu sijapata, mwambie uso wako ulifanya nini baada ya yeye kuuona. Alafu kwenye nafasi ileile ya kikopo weka kofia ya ukili yenye ukingo mpana na tyubu ya sanskrini, mwelekeze apake kabla hajatoka asubuhi na arudie akimaliza kugeuza dagaa. Hicho kikopo ulichompimia mama kifunge vizuri kwenye mfuko wa nailoni, kiweke mbali na wadogo zako, siku ya kliniki nenda nacho daktari akione.